Mwaka Niliotibu Kompyuta kwa Makofi

Niliipiga kofi. Naanza na hilo kwa sababu kila mtu hapa Makindu analijua tayari, hata wale wanaojifanya hawalijui, na sitaki mtu asome kurasa hizi akingoja siri ambayo akina mama wa kwaya walishaimaliza zamani pale kwenye bomba la maji. Niliipiga kompyuta ya kanisa kofi moja la mkono wa kulia, ikiwa imewaka, inafanya kazi yake vizuri, haijamkosea mtu, na niliipiga kwa sababu rafiki yangu Kyalo alikuwa anatazama. Huo ndio ujinga wenyewe. Yanayofuata ni maelezo tu, na maelezo hayajawahi kunisaidia, hata shuleni.

Sasa niko kidato cha nne na wakati huu ningepaswa kuwa nasoma kemia. Lakini mwezi uliopita tulimzika Susu, nyanya yangu, mama yake baba, na pale kaburini Kathonzweni nikapewa karatasi nisome maisha yake mbele ya watu, kwa sababu mimi ndiye mjukuu anayejulikana kwa mdomo. Karatasi yenyewe ilikuwa nusu ukurasa. Alizaliwa, tarehe haijulikani. Alibatizwa. Aliolewa. Alijaliwa watoto. Aliugua. Nilimaliza kabla wale wa nyuma hawajafungua miavuli ya kuzuia jua. Pasta akanisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ni hayo tu?" Nikamwambia ni hayo tu, na nilipoinua macho nikamwona Mama akitazama viatu vyake. Sisi wawili tulijua kwamba si hayo tu. Yalikuwa mengi, yalijaa kurasa na kurasa, na tulijua yalipotelea wapi. Kwa hivyo ngoja niuandike mwaka huo, mwaka nilipokuwa kidato cha pili, kabla sijazeeka zaidi ya hivi. Miaka kumi na minane si mchezo.

Mimi na Mama tulikaa kwenye nyumba za kupanga nyuma ya maduka, vyumba viwili vilivyofuatana kama mabehewa, na kila lori la Mombasa lilipopita barabarani sufuria za Mama zilisalimiana ukutani. Chumba cha mbele kilikuwa sebule mchana, ofisi ya kanisa baada ya chakula, na usiku kilikuwa chumba changu cha kulala. Ofisi ya kanisa ilikuwa kwetu kwa sababu Mama alikuwa karani wa kanisa na kanisa lenyewe halikuwa na stima. Mzungu mmoja wa mradi, alipokuwa anarudi kwao, aliwaachia wazee wa kanisa kompyuta yake, wakaitazama, wakaiombea, kisha wakamletea Mama ailee. Ilikuwa kompyuta ya zamani hata wakati huo, zile ambazo kioo na mashine yote viko ndani ya sanduku moja, rangi yake kama maziwa yaliyolala, na juu ina mpini wa kubebea kama mtungi wa maji. Wageni walikuwa wakiizunguka wakiuliza sehemu nyingine iko wapi. Mdomo wake wa disketi ulikuwa umekufa kwa vumbi kabla hatujakutana nayo. Printa ilikuwapo, lakini riboni yake ilikuwa ya kanisa, ya kuchapa ratiba za ibada na matangazo ya harusi, na Mama si mtu wa kugusa cha kanisa kwa mambo ya nyumbani. Kila alichoandika kilikaa ndani ya mashine, mahali pamoja, na sisi tuliona hapo ndipo pa salama kuliko pote. Mwizi angeingia angeiba sufuria.

Na juu yake kulikuwa na kitambaa. Huku kwetu kitu cha maana hakikai uchi. Redio ina kitambaa, viti vina vitambaa, meza ina kitambaa na kitambaa kina kitambaa. Mama aliifumia ile kompyuta kitambaa cheupe chenye maua ya manjano, kikubwa, kilichoshuka pande zote mpaka mezani, na alipofanya kazi alikifunua mbele tu, kama bibi harusi anayefunuliwa uso, pande zile nyingine zikabaki na heshima zao. Mashine ilikuwa inapata moto mpaka paka wa jirani akawa anakuja kulala juu yake. Tulisema paka huyo ana akili.

Ugonjwa ulianza mapema mwaka huo. Unawasha, feni inavuma, kioo kinakuja kijivu na alama ya kuuliza katikati, basi. Kama mtu aliyeamka akasahau jina lake. Siku ya kwanza Mama alienda jikoni akiwa na huzuni, mimi nikabaki nayo, na kwa kuwa redio yetu ilikuwa haiongei mpaka uipige, niliipiga hii pia. Ndani kukasikika kitu kikijikwamua, mlio mwembamba ukapanda, na kioo kikajaa. Mama akaja mbio na mwiko, tayari kwa sikio langu, akakuta mashine iko macho.

"Umefanya nini?"

"Nimeiombea."

"Umeiombea kwa kiganja? Nimesikia mpaka huko."

"Mama, kuna kuwekea mikono wagonjwa."

Alijaribu sana asicheke. Kuanzia siku hiyo, ilipokataa kuamka, aliniita mwenyewe kutoka popote nilipokuwa, hata chooni: "Daktari! Njoo umpige mgonjwa wako!" Nami nilikuja nikinyoosha vidole kama mpiga kinanda, nikaipiga mara moja, mahali pale pale, ikaamka. Darasani nilikuwa nashika mkia kwenye fizikia, lakini nyumbani nilikuwa na kliniki.

Mgonjwa alikuwa na kazi kubwa, na kazi hiyo ilikuwa Susu. Alikuja kukaa nasi kutoka Kathonzweni kwa sababu kisima chake kilikauka na magoti yake yalikataa kwenda kwa kile cha mbali. Alikuja na kigoda chake, na nyuzi za katani za kufumia viondo, vile vikapu vyetu, na mdomo. Baada ya chakula cha mchana, tukiwa tumekula muthokoi, ule mchanganyiko wetu wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe unaomfanya mtu ashindwe kusimama, alikaa kwenye mlango kati ya vyumba viwili, akisokota katani kwenye paja, na kumwambia Mama maisha yake kwa Kikamba. Mama alichapa. Sijui nani kati yao alianzisha jambo hilo. Mama alimwita mwaitu, jina ambalo mke humwita mama wa mumewe, na Susu alimwita Mama kila kitu kutegemea kasi ya vidole vyake. Mimi nilikuwa chumba cha pili nikifanya hesabu, maana yake nimelala kifudifudi nikisikiliza.

"Andika kwamba Mbithe alikuwa mwizi wa maharagwe."

"Mwaitu, Mbithe yuko hai. Wajukuu wake wako kwaya."

"Basi wataimba wakijua. Andika."

"Siandiki hiyo."

"Kwani wewe ni karani au ni hakimu?"

Halafu vidole vya Mama, tak tak tak, polepole, kwa dhambi.

Susu hakuhesabu miaka kama tunavyohesabu. Alihesabu kwa njaa, na kila njaa ilikuwa na jina lake, kama mtu wa ukoo, na katikati ya njaa hizo aliweka harusi, ugomvi, nyoka aliyeingia kwenye debe la unga, na pasta wa kwanza aliyekuja kijijini akaogopa mbuzi. Lakini hadithi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mbwa. Umau, babu yangu, alimpa rafiki yake mbuzi wa Susu bila kumwuliza Susu, na Susu akaapa hatasema naye. Umau naye akaapa. Kiangazi kizima waliongea kupitia mbwa wao aliyeitwa Kavaluku, yaani sungura, kwa sababu ya masikio yake.

"Nikasema, Kavaluku, mwambie huyo mtu uji wake una moto," Susu alisimulia. "Na yeye akasema, Kavaluku, mwambie mwenye uji kwamba mimi si mtoto wa kuambiwa uji una moto. Akaunywa. Akaungua. Mbwa akanitazama mimi."

"Mwaitu, polepole, nimefika kwa kuungua."

"Maskini mbwa akakonda. Kila mtu anamtuma, hakuna anayemlisha."

Nilikuwa nimeuma mto ili nisisikike nikicheka. Basi siku moja, Susu akaendelea, mvua ya kwanza ikiwa imekaribia, Umau alirudi kutoka shambani, akasimama mlangoni, akamwambia mbwa neno moja, na Susu akacheka mpaka chungu kikamponyoka, na ugomvi ukaishia hapo. Alimwambia Mama neno lenyewe. Mama alilichapa, hata alicheka pia. Na mimi, mwenye masikio ya kusikia ya watu wote, wakati huo lori lilikuwa linashusha gia pale barabarani, sufuria zinagongana, na mto uko mdomoni. Sikusikia. Sikujali pia. Nilijua liko ndani ya mashine, nitalisoma siku yoyote.

Likizo ya Agosti Susu aliamka upande wake wa kulia ukiwa umelala. Katani ilibaki kwenye kigoda, kiondo kikiwa kitako tu. Maneno nayo yaliondoka, yote, isipokuwa moja. Kati ya maneno yote aliyokuwa nayo mwanamke yule, lililobaki lilikuwa kyai, chai kwa Kikamba chetu. Alitaka maji, kyai. Alitaka kwenda msalani, kyai. Pasta alikuja na wazee wakamwombea kwa nguvu mpaka mishipa ikawatoka, na walipofika amina, Susu akasema, "Kyai," na Mama, ambaye hajawahi kukosa adabu mbele ya pasta, alikwenda kuipika haraka ili asionekane uso wake. Nilicheka. Nawaambia ukweli, nilicheka, na baadaye nikaenda nyuma ya choo nikakaa huko mpaka kuku wakanizoea.

Mama ndiye aliyegundua dawa. Mchana mmoja alifunua mashine, akaniita nikaipiga, akageuza kiti, akaanza kumsomea Susu maneno yake mwenyewe tangu mwanzo. Susu alikuwa ameinamisha kichwa. Mama alipofika kwa Mbithe mwizi wa maharagwe, bega la kushoto la Susu lilitikisika. Alikuwa anacheka. Kuanzia siku hiyo, kila mchana, kipande kimoja. Susu akawa anajiandaa: akisikia feni ya kompyuta inavuma, alishika kilemba chake kwa mkono mzima akakinyoosha, kama mtu anayeitwa mbele kutoa ushuhuda. Alicheka mahali pa kucheka na alinung'unika mahali ambapo Mama alikuwa amepunguza makali, maana aliyajua maneno yake yote, ila hayakuweza kutoka. Ndani ya lile sanduku alikuwa mzima. Hakuna mtu aliyelisema hivyo wakati huo. Mimi nalisema sasa, kwa sababu sasa halisaidii.

Wakafika kwa Kavaluku. Mama alisoma uji, akasoma kuungua, akasoma mbwa kukonda, Susu akicheka mpaka machozi, na hapo maziwa yakafurika jikoni. Mama akaruka. Aliporudi, Susu alikuwa amechoka, kichwa kimelala begani. "Kesho, mwaitu," Mama akasema. "Kesho tutamalizia neno la mbwa." Susu akasema, "Kyai," kwa sauti ya kukubali.

Kesho yake Mama aliwasha mashine mapema, ikaamka yenyewe bila kofi, jambo la ajabu, akatoka mara moja kununua sabuni. Kyalo akapita. Kyalo alikuwa amesikia habari za kliniki yangu na hakuamini.

"Ati unaipiga inafufuka?"

"Kabisa."

"Wacha uongo."

"Lakini sasa iko macho. Haina haja."

"Unaona? Muongo."

Basi nikaipiga. Niliipiga vizuri kuliko siku zote, kwa sababu ya mtazamaji. Ndani, badala ya ule mlio wa kujikwamua, kukatoka sauti ambayo nitaijua hata nikifa: kama mtu anayekwaruza sahani ya bati kwa msumari, kwa haraka, hachoki. Kioo kikaganda. Nikaizima, nikaiwasha. Alama ya kuuliza. Nikaipiga tena, ule mkwaruzo. Kyalo akasema, "Mimi nimetumwa dukani," na hakuwa ametumwa popote. Nyuma yangu Susu alikuwa ameshakaa kwenye kigoda chake, ameshanyoosha kilemba.

Mama alirudi, akasikia ile sauti, akaweka sabuni mezani. Nilimwambia yote kwa pumzi moja, kwa sababu nilitaka kipigo kije kiishe. Hakunipiga. Alilishusha lile pindo la kitambaa mbele ya kioo, taratibu, kama mtu anayefunika uso wa maiti, kisha akaenda kumweleza Susu kwamba leo haiwezekani.

Wazee wa kanisa walikaa kikao. Mmoja alisema mashine ina pepo, mwingine akasema ina mtoto wa karani. Mwishowe akatokea aliyejua kwamba Kitui mjini kuna fundi wa redio na televisheni anayeitwa Salim, na kwamba fundi huyo ana kompyuta ya aina hiyo hiyo, ya mradi mwingine uliofungwa, kioo chake kikiwa kimekufa lakini tumbo lake zima. Tukamwacha Susu na jirani, Mama akaifunga mashine kwa kitambaa chake, na tukasafiri nayo kupitia miji ya Wote na Machakos ikiwa mapajani mwake. Hakumpa kondakta. Hakunipa hata mimi, hasa mimi. Aliniuliza kitu kimoja tu njia nzima, huku akitazama dirishani.

"Ikiamka, maneno yatakuwa hapo?"

"Yatakuwa hapo," nikasema. Sikujua lolote. Nilikuwa na bei moja ya kila swali: kujibu haraka.

Duka la Salim lilikuwa karibu na msikiti, limejaa redio zilizofunguliwa matumbo. Babu yake alitoka pwani kuja kufanya biashara Kitui, na ingawa Salim alizaliwa hapo hapo na anakiongea Kikamba vizuri, Kiswahili chake kilitiririka kiasi kwamba chetu kilionekana kinatembea juu ya mawe bila viatu. Alimkaribisha Mama kiti kabla ya kuigusa mashine.

"Karibu, dada yangu. Nikwambie kweli, televisheni nimefungua nyingi. Hizi, ile yangu niliifungua mara moja, na hii ya kwako ndiyo ya pili. Usinione mtaalamu."

Skurubu mbili zilikuwa zimejificha ndani kabisa ya shimo la mpini, na vichwa vyake vilikuwa vya nyota. Salim alichukua bisibisi kuukuu ndefu akaichonga kwa tupa mpaka ncha yake ikafanana na hiyo nyota. Ganda la nyuma lilipotoka, vumbi lilitoka nalo, vumbi letu jekundu la Makindu, limeshonana na nyuzi nyeupe na manyoya ya paka. Akanikamata mkono nikiwa naunyoosha.

"Taratibu, kijana. Kioo hiki hukaa na umeme tumboni hata ukishakizima. Kitakurusha mpaka msikitini, nawe hujatawadha. Tukiache kitulie, tule."

Mkewe alituletea mahamri na mbaazi za nazi, na chai yenye tangawizi inayokuna koo. Katika maisha yangu nilikuwa sijala mbaazi hivyo. Kwetu mbaazi ni chakula, kwao zilikuwa sherehe. Nilikula mpaka Mama akanikanyaga mguu chini ya meza. Yeye alishika hamri moja mkononi, hakuliuma.

Tulipomaliza, Salim alifunga waya kwenye bisibisi, akaumaliza ule umeme wa kioo, ukalia ta! mara moja, kisha akaonyesha kwa kidole sanduku dogo la chuma, saizi ya kitabu cha nyimbo, limefungwa skurubu nne, na mkanda mpana wa nyaya ukiingia ndani yake. "Hii ndiyo diski. Hii ndiyo iliyougua. Yangu ni kama hii, nzima. Natoa, naweka."

"Na maneno?" Mama akauliza.

"Maneno gani?"

"Yaliyoandikwa. Yatahamia kwa hiyo mpya?"

Salim akanitazama, akaelewa ni nani aliyekuwa amemjibu kabla yake. Akaweka bisibisi chini. "Dada yangu, maneno yamo humu. Humu ndimo kumbukumbu ilipo, si penginepo. Nikiitoa hii, nimeyatoa nayo. Hii yangu ina kumbukumbu za wenyewe."

Redio moja nyuma ya duka ilikuwa inasoma matangazo ya vifo. Mama akauliza kama inawezekana kuisikiliza ile mgonjwa kwanza, mara moja tu, ikiwa wazi. Salim akaiwasha bila ganda. Ule mkwaruzo ukaanza, sasa bila kitu cha kuuzuia, ukajaza duka lote mpaka mteja mmoja akaziba masikio.

"Nasikia ulikuwa ukiipiga," Salim akaniambia.

"Ndiyo."

"Basi ipige. Kuiharibu zaidi huwezi."

Sikutaka. Nilimtazama Mama anikatalie. Akasema, "Piga, daktari." Hakuwa anatania, na hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililofanya mkono wangu uwe mzito kama wa mtu mwingine. Nikapiga kidogo. Mkwaruzo. Nikapiga tena pale pale pa siku zote. Mkwaruzo ukapungua, ukapungua, mlio mwembamba ukaanza kupanda, Mama akasimama, na halafu vyote vikanyamaza. Hata kukwaruza kukaisha. Salim alingoja kidogo, kwa adabu, kisha akazima.

Aliifungua ile diski, akaitoa. Alipokuwa anapangusa vumbi juu ya ganda aliona matundu ya hewa yaliyojaa nyuzi, akageuka. "Hapa juu palikuwa pamefunikwa?"

"Kitambaa," Mama akasema.

"Siku zote? Hata ikiwaka?"

"Si kila mtu hufunika?"

"Joto linatoka hapa. Likikosa njia, linaipika diski polepole. Ndiyo maana ilikuwa haiamki." Alipouona uso wa Mama akajaribu kurudi nyuma. "Lakini labda si joto. Labda ni kofi. Labda vyote viwili. Mungu ndiye ajuaye."

Mama alikuwa ameshika kile kitambaa mkononi, yale maua ya manjano. Alikikunja mara mbili, akakikunja tena, akaifunga ile diski iliyokufa ndani yake na kuitia kwenye mkoba. Diski ya Salim ilikaa mahali pake, skurubu nne, mkanda wa nyaya, waya wa umeme, na tulipowasha, kompyuta iliamka kama kijana wa jeshi. Ilijaa ripoti za visima. Visima vya mradi ule uliofungwa, kurasa nyingi sana, kila kisima na kijiji chake, na Salim akatuambia kwamba hakuna hata kimoja kilichochimbwa.

Wazee wa kanisa walifurahi. Ratiba za ibada zilichapwa, matangazo ya harusi yalichapwa, mmoja alisema maombi yamejibiwa. Mimi nilikuwa natazama mlango wa kati. Siku ya kwanza Mama alipoiwasha, feni ilivuma, na Susu aliyekuwa kitandani akajikokota kwa kushika ukuta mpaka kwenye kigoda, akakaa, akashika kilemba chake akakinyoosha. Akangoja neno la mbwa.

Mama aligeuza kiti. Hakujifanya anasoma, alimtazama Susu machoni, akaanza kusimulia kwa kichwa. Uji, kuungua, mbwa kukonda. Susu alitingisha kichwa mara kwa mara, hapo si hivyo, hapo umeruka, lakini alivumilia kama mwalimu anayemsikiliza mwanafunzi mzito. Mama akafika mlangoni kwa Umau. "Akasema, Kavaluku, mwambie mama mwenye nyumba kwamba mvua inakuja."

"Kyai," Susu akasema. Hapana.

"Kavaluku, mwambie kwamba nimechoka."

"Kyai."

"Kavaluku, mwambie nitamrudishia mbuzi wake."

"Kyai!" Akapiga kigoda kwa mkono wa kushoto. Mama akanigeukia, na niliona kwamba hakumbuki kabisa. Aliniambia baadaye kwamba mtu anayechapa hasikii, vidole ndivyo vinavyosikia. Nikaruka katikati na mdomo wangu. Nikatoa neno la kuchekesha, nikatoa lingine, nikambwekea Susu kama mbwa, nikakaa kwa miguu minne na kuning'iniza masikio. Nilijaribu kila nilichokuwa nacho. Susu alinitazama muda mrefu, halafu akageuza uso upande wa ukuta, taratibu, na hakuugeuza tena mchana ule. Miaka miwili alikaa na sisi baada ya hapo. Neno lilikuwa ndani yake, na lilikuwa kwenye diski ndani ya kitambaa juu ya kabati, na hakuna mahali pengine popote.

Nilimfuata Mama jikoni. Alikuwa anachuja chai. Tangu siku ya Kyalo hakuwa amenigombeza hata kidogo, na nilikuwa nimeshindwa kuubeba ukimya huo. Nikamwambia, "Mama, si unipige tu." Akamaliza kuchuja. Akajaza kikombe cha bati cha Susu, akafuta chini yake kwa pindo la leso ili kisidondoshe, akanishikisha mikono yote miwili. Nayaandika kama alivyoyasema, bila kuongeza, maana sasa najua maneno yakikaa mahali pamoja huwa yanakwenda wapi:

"Wewe Mungu alikupa maneno mengi kuliko akili. Mpelekee susu yako hii chai, ukae hapo naye, umwambie ya kwako. Ya kwake yameisha."